Nairobi hadi Namugongo kwa miguu: maswali kuhusu mzigo, viatu na simu

Kila mwaka Pasaka ikishapita, maswali huwa yale yale kwenye jumuiya na vikundi vya mahujaji hapa Nairobi. Nibebe nini? Ninunue viatu gani? Nikivuka Busia simu yangu itafanya kazi? Majibu haya ni ya mtu anayetaka kufika Namugongo, Uganda, kwa miguu kabla ya tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Anayekwenda kuhiji Subukia, hapa hapa Kenya, naye atapata lake hapa, ila safari yake ni fupi na haivuki mpaka.

Ni mbali kiasi gani, na niondoke lini?

Kwa barabara ni kama kilomita 650. Kundi lililofanya mazoezi hutembea kilomita 25 hadi 30 kwa siku, kwa hivyo ukitia na siku chache za kupumzika, hesabu karibu wiki nne. Maana yake ni kuondoka mwanzoni mwa Mei. Anayeondoka katikati ya mwezi hulazimika kutembea kilomita 40 kwa siku, na watu wa namna hiyo wengi humalizia safari ndani ya matatu.

Njia hupanda Limuru, ikashuka Naivasha, ikapita Gilgil na Nakuru hadi Mau Summit. Hapo unachagua: kulia uende Eldoret na Malaba, au kushoto uende Kericho, Kisumu na Busia. Upande wa Uganda njia zote mbili huungana kabla ya Bugiri, kisha ni Iganga, Jinja, msitu wa Mabira, Lugazi na Mukono. Huna haja ya kuingia Kampala. Namugongo iko nje ya jiji upande wa mashariki, na ukitoka Mukono utaifikia kabla ya msongamano wa mjini.

Mzigo wangu uwe na uzito gani?

Usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Mtu wa kilo 70 abebe kilo saba, maji yakiwa ndani ya hesabu hiyo. Lita moja ya maji ni kilo moja, na utahitaji angalau lita mbili, kwa hivyo umebakiwa na kilo tano za vitu vingine vyote. Hapo ndipo watu hushtuka.

Njia rahisi ya kupima: lipange begi kamili, uende kwa wale vijana wa mizani walio kando ya barabara mjini, upande bila begi kisha upande nalo. Ukishajua uzito, rudi nyumbani ulitoe begi lote kitandani na ujiulize kuhusu kila kitu: nitakitumia leo au kesho? Kama jibu ni "huenda", kiache. Vitu vya "huenda" ndivyo vinavyovunja watu mabega kuanzia Kinungi, na ndivyo vinavyogawiwa wenyeji bure kufikia Gilgil.

Nguo zinazotosha ni seti mbili za kutembelea, moja mwilini na nyingine begini, pamoja na seti moja ya kulalia. Unafua jioni, unaanika, na kama hazijakauka unazifunga nje ya begi zikauke njiani. Sweta moja nzito. Leso au shuka moja. Patipati za jioni. Sahani ya bati, kikombe na kijiko. Sabuni ya kipande, ambayo itaosha mwili na nguo. Nusu ya taulo inakausha mtu mzima bila shida yoyote, kwa hivyo likate.

Biblia nzima, kitabu cha nyimbo, novena tatu na sanamu ya Bikira Maria ya plasta havihitajiki kwa kila mtu. Kundi likubaliane nani abebe nini. Rozari ni nyepesi, kila mtu abebe yake.

Parokia yetu ina gari la mizigo. Bado nijali uzito?

Ndiyo, kwa sababu gari hupotea. Litapata pancha, litatumwa kupeleka mgonjwa, au dereva atawasubiri kwenye shule ambayo si ile mliyokubaliana. Begi kubwa liende na gari, lakini begi dogo lisitoke mgongoni: maji, koti la mvua, sweta, kitambulisho, dawa zako za kila siku, pesa kidogo, tochi na simu. Panga begi hilo kama vile usiku huo utalala bila kuliona gari.

Begi lenyewe nitafute la aina gani?

La lita 30 hadi 40, lenye mkanda mpana wa kiunoni. Mkanda huo ndio muhimu kuliko kitu kingine chochote kwenye begi, maana ndio unaohamisha uzito kutoka mabegani hadi kwenye nyonga. Begi la shule halina mkanda huo, na hata ukilijaza vizuri namna gani litakuvuta nyuma. Gikomba na Toi kuna mabegi mazuri ya mitumba ya kupandia milima, kwa bei ndogo sana ukilinganisha na mapya. Kagua zipu, kagua mishono ya mikanda, kisha omba muuzaji akuwekee kitu kizito ndani utembee nalo kidogo kabla ya kulipa. Atacheka, lakini atakubali.

Viatu: buti au raba?

Raba za kukimbilia au za kutembelea, kwa watu wengi. Sehemu kubwa ya njia ni lami na kingo za changarawe, si mlima. Buti nzito za ngozi huchosha miguu, na zikilowa maji asubuhi ya Limuru hazikauki hadi Naivasha. Buti nyepesi zinamfaa mwenye vifundo dhaifu.

Nunua kiatu jioni, wakati miguu imevimba kidogo, na uvae soksi zile zile utakazotembelea. Chagua kiatu kinachozidi saizi yako ya kawaida kwa nusu au hata moja. Baada ya siku kadhaa za kutembea mguu hupanuka, na kidole gumba kikigonga mbele kwenye kila mteremko, kucha itakuwa nyeusi kabla hujafika Nakuru. Ukisimama, upana wa kidole cha mkono uingie kati ya kidole gumba na ncha ya kiatu.

Kuhusu mitumba, zipo raba na buti za hali ya juu pale Gikomba, hasa ukiwahi bale linapofunguliwa. Lakini jihadhari na jambo moja. Soli za viatu vya aina hii hutengenezwa kwa plastiki laini inayozeeka hata kiatu kikiwa hakijavaliwa. Kwa macho kiatu ni kipya kabisa, kumbe soli imeoza ndani, nayo itabanduka yote siku ya pili barabarani. Kikunje kwa nguvu. Bonyeza soli kwa ukucha, na ikimeguka au ikiacha unga, rudisha. Ikiwa nzima, bado mpelekee fundi wa viatu aishone kandokando kwa uzi mzito. Shilingi chache za fundi ni bima ya safari nzima.

Kisha vivae. Kazini, sokoni, kanisani, kila mahali, kwa mwezi mmoja angalau. Kiatu kipya hakianzi safari.

Na akala?

Kwa aliyezoea tangu utotoni, sawa. Kwa aliyezikumbuka wiki hii kwa sababu ni za bei nafuu, hapana: mikanda itamkata.

Nizuie vipi malengelenge?

Lengelenge linataka vitu vitatu: joto, unyevu na msuguano. Ukiondoa kimoja tu, limeshindwa.

Soksi za pamba tupu hunyonya jasho na kulishika, kwa hivyo ziache nyumbani. Tafuta za sufu nyembamba au za nailoni zinazokauka haraka, jozi tatu. Wengine huvaa soksi mbili, nyembamba ndani na nene nje, ili msuguano uwe kati ya soksi na soksi badala ya soksi na ngozi. Inafanya kazi, mradi kiatu kina nafasi. Asubuhi jipake mafuta mazito ya mgando kati ya vidole na kwenye kisigino. Kila mapumziko vua viatu, hata kama ni dakika kumi, na mchana badilisha soksi. Zile mbichi zifunge nje ya begi.

Ukihisi sehemu inawaka, simama hapo hapo. Hapo wengi hushindwa, si kwa ujinga, ila kwa kuona haya kuwasimamisha wenzao. Kundi zuri ni lile ambalo mtu anaweza kusema "nisubirini nibandike plasta" bila kuguniwa. Bandika plasta ya kitambaa inayoshika vizuri, bila mikunjo. Lengelenge likishajaa maji na linauma, litoboe pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, likamue taratibu, acha ngozi ya juu ibaki palepale, kisha lifunike. Likigeuka jekundu kuzunguka au likatoa usaha, hiyo ni kazi ya zahanati.

Kata kucha siku mbili tatu kabla ya kuondoka, si usiku wa kuamkia safari.

Mvua ya Mei itatuharibia safari?

Itawanyeshea. Mei bado ni masika, na kutoka Limuru hadi Kericho mvua ya alasiri ni jambo la kawaida. Poncho pana linalofunika mtu na begi lake ni bora kuliko koti la mvua, kwa sababu hewa hupita chini na hutoki jasho ndani. Ubaya wake ni upepo wa malori, hulipeperusha likufunike uso, kwa hivyo lifunge kiunoni kwa kamba. Mwavuli ni wa jioni kijijini, si wa barabara kuu.

Ndani ya begi, kila kitu kinachoogopa maji kiwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Zamani tungesema chukua karatasi za juala tu, lakini zilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na hakuna hujaji anayetaka kueleza mambo hayo kituoni. Mifuko minene ya turubai inayokunjwa mdomo inauzwa mjini, na mmoja wa ukubwa wa kati unatosha nguo na blanketi.

Usiku ni baridi au joto?

Yote mawili. Limuru iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na ukipitia Eldoret utavuka Timboroa palipo juu zaidi. Huko utavaa kila kitu ulichobeba na bado utatetemeka. Ukifuata njia ya Kericho, baadaye uko Kisumu, kwenye mita 1,100 na ushee, na hutaki hata shuka. Kwa hivyo usinunue begi zito la kulalia. Blanketi jepesi, sweta, kofia ya sufu na soksi kavu vinatosha kwenye ukumbi mtakaolala. Chini tandika mkeka mwembamba wa sponji, kwa sababu baridi ya sakafu ya saruji ndiyo inayonyima watu usingizi kuliko ile ya hewani.

Akina mama wavae nini?

Sketi pana inayofika chini ya magoti na suruali nyepesi ya kubana ndani yake, ili mapaja yasisuguane. Leso mbili: moja ni taulo, shuka, pazia la kuogea na mtandio wa kanisani, nyingine ni ya akiba. Sidiria iwe ile uliyoizoea, kwa sababu mishono mipya chini ya mkanda wa begi huchubua vibaya. Pedi nunua Nairobi za kutosha, maana vituo vingine vidogo havina chaguo.

Nifanye mazoezi wapi hapa Nairobi?

Anza Karura, kuna vivuli na njia salama. Beba chupa ya maji ya kudumu, kwani tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi ndani ya misitu na mbuga zilizohifadhiwa. Kisha Ngong Hills kwa kupanda na kushuka. Jaribio lenyewe ni Nairobi hadi Limuru, kama kilomita 30, ukiwa na begi kamili. Fanya hivyo Jumamosi, halafu Jumapili utembee tena, hata kama ni nusu ya umbali. Siku moja karibu kila mtu anaiweza. Mwili hujibu swali lako siku ya pili.

Nibebe simu gani?

Mbili, kama unaweza. Simu yako ya kawaida kwa ramani, picha na WhatsApp, na kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, kwa mambo ya lazima. Zile mulika mwizi hukaa na chaji siku kadhaa, zina tochi, hazivutii wezi, na zikianguka kwenye lami ya Salgaa unaziokota ukaendelea kuongea. Laini yako kuu, ile ambayo watu wa nyumbani wanaijua, iweke kwenye kabambe. Simu kubwa ikizima au ikiibwa, bado unapatikana. Sijaona kifaa cha gharama kinachoshinda mpango huu.

Kabla ya kuondoka, pakua ramani ya njia nzima, Kenya na Uganda, ili ifanye kazi bila data. Google Maps huruhusu kuhifadhi maeneo, na Organic Maps ni nyepesi na haihitaji mtandao kabisa ukishapakua nchi husika. Zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja kwenye WhatsApp. Kikundi cha ukoo kikianza kutuma video za "hija njema", bando lako halitafika Naivasha.

Pawabenki ya ukubwa gani?

10,000 mAh kwa mtu mmoja, 20,000 kwa wawili wanaoshirikiana. Lakini elewa namba hizo. Zinahesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, ilhali umeme unatoka kwa volti 5, na sehemu nyingine hupotea kama joto. Ya 10,000 itakujazia simu ya 5,000 mAh mara moja na nusu hivi, si mara mbili. Geuza pawabenki usome maandishi madogo nyuma: watengenezaji waaminifu huandika kiasi halisi kinachotoka, mara nyingi karibu 6,000 kwa ile ya 10,000.

Luthuli Avenue utaonyeshwa za 50,000 mAh kwa bei ya chakula cha mchana. Ishike mkononi. Ya 20,000 ya kweli huwa na uzito wa kama gramu 350 hadi 450. Hiyo ya 50,000 ikiwa nyepesi kuliko simu yako, ndani hakuna kitu. Nunua dukani, uombe risiti, na uijaribu kwa wiki nzima nyumbani.

Waya ubebe miwili, kwa sababu waya hufa kabla ya pawabenki. Vibanda vya kuchaji simu vipo kwenye karibu kila kituo cha biashara. Soketi za Uganda ni za pini tatu bapa kama zetu, kwa hivyo adapta huihitaji. Ukumbini mkiwa arobaini na soketi ni mbili, mwenye kebo ya soketi nne ndiye kipenzi cha kundi.

Paneli ndogo ya sola?

Hapana. Mawingu ya Mei, na begi lako linapogeuka kila kona, havikupi kitu cha maana. Ni uzito tu.

Laini yangu ya Kenya itafanya kazi Uganda?

Itafanya kazi. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mpango wa mtandao mmoja mwaka 2014, ukaondoa zile tozo kubwa za kupiga na kupokea simu ukiwa nchi jirani. Mpango huo ulianza na simu za kuongea, kwa hivyo usidhani bando la data ulilonunua Nairobi litavuka nawe mpaka. Zima data kabla ya kufika Busia au Malaba, na uulize kampuni yako bei ya data ya nje kabla ya kuiwasha tena. Hakikisha pia huduma ya laini kutumika nje ya nchi imewashwa ukiwa bado upande wa Kenya, kwani kuiwasha ukiwa tayari Bugiri ni kazi.

Kwa wiki moja ya Uganda, watu wawili watatu kwenye kundi wakinunua laini za huko, MTN au Airtel, inatosha. Usajili huhitaji pasipoti, kwa hivyo wenye pasipoti ndio wajitolee. Nunua kwenye duka la kampuni, si kwa kijana anayekukimbilia mpakani na laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu usiyemjua. Wengine wapate data kwa kushirikiwa jioni.

Pesa je?

Kenya, M-Pesa inatosha, na ni salama kuliko noti mfukoni. Uganda hutapata wakala wake njiani. Badilisha pesa Busia au Malaba kwenye duka la kubadilisha fedha lenye leseni, hesabu mwenyewe, kisha ugawe: kidogo mfukoni, zilizobaki ndani ya nguo. Shilingi ya Uganda ina sufuri nyingi, kwa hivyo siku ya kwanza usiharakishwe na mtu.

Kundi liwasiliane vipi njiani?

Swali hili ndilo ningependa liulizwe kwanza, lakini huulizwa mwisho, baada ya viatu na pawabenki. Kundi hupotezana kwa kukosa makubaliano hata pale ambapo mtandao upo. Kila mtu ana simu, kila mtu ana bando, na bado saa moja usiku watu watatu hawajulikani waliko kwa sababu kila mmoja alidhani wako na mwenzake.

Chagueni wawili: anayetangulia na anayefunga mkia. Hakuna anayempita wa kwanza, hakuna anayebaki nyuma ya wa mwisho. Wawili hao simu zao ndizo za kulindwa chaji, hata ikibidi wapewe pawabenki za wengine. Anayefunga mkia awashe huduma ya kuonyesha mahali alipo kwenye WhatsApp, ambapo unaweza kuchagua dakika 15, saa moja au saa nane. Yeye peke yake. Mkiwasha wote, mchana wote mmezima.

Wekeni saa za kuhesabiana, kwa mfano saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi jioni. Mnasimama, mnahesabu vichwa, na mmoja anatuma ujumbe mfupi wa kawaida, si wa WhatsApp: mahali, idadi, hali. "Gilgil, 34, salama." SMS hupita hata pale ambapo data imegoma, na kabambe huipokea. Ujumbe uende kwa mtu mmoja aliyebaki Nairobi, katibu wa jumuiya au yeyote mwaminifu asiyezima simu, na yeye ndiye atakayezijulisha familia.

Kubalianeni pia maana ya kimya. Ujumbe ukikosa mara moja, si kitu. Ukikosa mara mbili mfululizo, mtu wa Nairobi anapiga kwa anayetangulia, kisha kwa anayefunga mkia, kisha kwa parokia mnayotarajiwa kulala. Namba za parokia hizo azipewe kabla hamjaondoka. Andikeni haya kwenye karatasi.

Na kila hujaji awe na kadi mfukoni, imeandikwa kwa kalamu isiyofutika na kufunikwa kwa selotepu: jina, namba mbili za watu wa nyumbani, namba ya kiongozi, dawa anazotumia, mzio alio nao. Simu iliyofungwa kwa nywila haimsaidii muuguzi.

Mume wangu anataka nimpigie kila saa. Nifanyeje?

Mpe namba ya yule mtu wa Nairobi, mama. Kisha mpigie jioni, mkiwa mmekula na miguu iko kwenye maji ya chumvi. Mtakuwa na mengi ya kuzungumza kuliko "nimefika kwenye mti mwingine".

Tutembee upande gani wa barabara?

Kulia, mkiyatazama magari yanayokuja, kwa msafara wa mtu mmoja nyuma ya mwingine. Kenya na Uganda magari hupita kushoto, kwa hivyo ukitembea kushoto lori linakujia mgongoni. Hii ni barabara kuu ya mizigo kutoka Mombasa, na miteremko ya Sachang'wan na Salgaa imeua watu wengi. Pale ambapo pana njia ya vijijini sambamba na barabara, ifuateni hata kama inaongeza kilomita. Barabara ya chini kupitia Mai Mahiu ina mandhari na lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita wa Kiitalia mwaka 1942, lakini ukingo wake ni mwembamba na malori ni mengi. Kwa kundi kubwa ningechagua ya juu, baridi na yote.

Jaketi za reflekta, zile za watu wa boda, kwa kila mtu, mchana na alfajiri. Mkiondoka saa kumi na moja, wa mbele awe na tochi nyeupe na wa mwisho taa nyekundu. Spika ya nyimbo moja inatosha msafara. Vifaa vya masikioni marufuku, hata kama ni rozari unayoisikiliza.

Dawa na hati?

Za maumivu, za kuharisha, plasta, bandeji, spiriti, na zako za kila siku za wiki tano. Dawa ya maji mwilini mnaweza kutengeneza wenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawia bila kilima. Kisumu, Busia na Uganda yote ni eneo la malaria, na mtu aliyekaa Nairobi miaka mingi huwa hana kinga ya kutegemea. Zungumza na daktari kuhusu dawa za kuzuia kabla ya safari na ubebe neti. Ukipata homa njiani au wiki chache baada ya kurudi, pima siku hiyo hiyo.

Mkenya huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Picha za hati zote zibaki kwa mtu wa Nairobi. Dharura Kenya ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199. Uganda pia 999 na 112 zinafanya kazi.

Nitawapata vipi wenzangu Namugongo siku ya sikukuu?

Kwa mahali na saa, si kwa simu. Tarehe 3 Juni, siku Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, umati huwa mkubwa mno na mtandao hulemewa. Kumbukeni kwamba pana maeneo mawili ya ibada, la Wakatoliki na la Waanglikana, na mtu akikuambia "niko langoni" hujui ni lango lipi. Fikeni siku mbili kabla, mtembee pamoja, mchague alama isiyohama, ukutani au kwenye jengo, si gari wala hema. Wekeni saa mbili za kukutana, moja baada ya misa na nyingine ya akiba jioni. Simu kubwa iwe ndani ya nguo. Wezi nao huja kuhiji.

Tunarudi vipi?

Kwa basi. Kateni tiketi za Kampala hadi Nairobi mapema, kabla ya sikukuu, maana tarehe 4 na 5 kila mtu anarudi. Tumieni salio la laini ya Uganda mkiwa bado huko, mbadilishe shilingi zilizobaki mpakani, na msisahau kumtumia mtu wa Nairobi ule ujumbe wa mwisho mkishavuka.